UZI: Kampuni ya mtandaoni ikikukosea, nani wa kujibu?

1/ Siasa zikipamba moto huku kwetu, iwe ni mkutano pale Gusii Stadium au mjadala wa redio, lazima mtu aguse mikopo ya simu. Mmoja ataahidi kuzifunga hizo kampuni zote. Mwingine atasema tukizisumbua zitahama na kazi za vijana. Wote hupigiwa makofi, na wote wawili huliruka swali moja: kampuni ya teknolojia ikimkosea mteja au mfanyakazi, nani anajibu?

(Kama kawaida, hakuna jina la mwanasiasa wala chama hapa. Ukileta huko chini nitafuta.)

2/ Tuanze na mikopo, maana hiyo kila mtu anaijua. Programu nyingi za mkopo, ukiziweka kwa simu, zimekuwa zikiomba ruhusa ya kusoma namba ulizohifadhi. Tunabonyeza "kubali" bila kusoma. Mtu anayetafuta 3,000 za karo saa mbili usiku hana muda wa kupitia kurasa za Kiingereza cha mawakili. Ukichelewa kulipa, zile namba zinageuka fimbo.

3/ Shangazi yangu wa Nyamache alipigiwa simu mara nne siku moja kuhusu deni la kijana wa boda anayembebea ndizi kwenda sokoni. Shangazi hakukopa. Hakumdhamini mtu. Namba yake tu ilikuwa kwa simu ya kijana. Aliyepiga alimtukana mama wa miaka sitini na kitu maneno ambayo sisi Abagusii hatuyasemi mbele ya mzazi. Mnajua chinsoni ni nini. Yule kijana alikaa wiki mbili bila kupita njia ya kwa shangazi, kwa deni ambalo halikuwa hata bei ya tairi.

4/ Sasa, si kweli kwamba hakuna sheria. Katiba kifungu cha 31 inalinda faragha yako, na cha 46 kinakupa haki kama mteja, hata dhidi ya kampuni binafsi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Machi 2022 zikaja kanuni za Benki Kuu: mkopeshaji wa mtandaoni lazima awe na leseni, na haruhusiwi kutisha, kutukana, wala kuwapigia watu waliohifadhiwa kwa simu yako ili akuaibishe. Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza faini ya shilingi 2,975,000 kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, kwa makosa ya aina hiyo hiyo.

5/ Lakini fikiria na yule aliyempigia shangazi. Simtetei. Mara nyingi huyo ni kijana wa rika letu, ana diploma, yuko kwa kandarasi fupi, ana idadi ya simu za kupiga kwa siku na pesa za kukusanya. Na pengine hajaajiriwa na mkopeshaji; ameajiriwa na kampuni iliyopewa kazi ya kudai. Kwa hivyo mteja akilalamika anaambiwa "huyo si mtu wetu". Kijana naye akilalamikia mshahara anaambiwa vivyo hivyo. Ujanja ni mmoja.

6/ Ujanja huo umefika kortini, kwa kesi kubwa kuliko mikopo. Vijana walikuwa Nairobi wakichuja picha na video za Facebook: mauaji, ubakaji, watoto wakiteswa, ili wewe usizione. Kazi ilikuwa ya Meta, wenye Facebook, lakini mwajiri kwa karatasi alikuwa kampuni nyingine, Sama. Mei 2022 Daniel Motaung, kutoka Afrika Kusini, alizishtaki zote mbili, akisema alifutwa kwa kujaribu kuwaunganisha wenzake wadai haki zao. Machi 2023 wengine 184 wakaenda kortini kupinga kuachishwa kazi.

7/ Jibu la Meta lilikuwa: sisi si kampuni ya Kenya, na hatukuwaajiri hao, hivyo korti ya Kenya haituhusu.

Mtu wa Keroka anaelewa hii haraka. Mji uko mpakani, na Kisii na Nyamira wamezozana miaka na miaka nani akusanye ushuru pale. Pesa ikiwa mezani, kila mmoja ni mwenye mji. Uliza takataka ni za nani uone.

8/ Korti ya Ajira ilikataa hoja ya Meta, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nayo: Meta inaweza kushtakiwa hapa. Angalieni vizuri, hiyo si kushinda kesi. Ni ruhusa tu ya kusikizwa, na kuipata kumechukua zaidi ya miaka miwili. Desemba 2024 ilijulikana kwamba ripoti za daktari zilizowasilishwa kortini zinaonyesha zaidi ya 140 kati yao wana maradhi makali ya akili yatokanayo na kiwewe.

9/ Hapa ndipo siasa inaingia. Mwaka huo huo wa 2024, Seneti ilikuwa na mswada wa kubadilisha sheria za biashara, na ndani yake pendekezo la kuikinga kampuni inayotoa kazi isishtakiwe na wafanyakazi wa kampuni iliyoipokea. Yaani lile jibu la "si watu wetu" liwe sheria. Waliounga mkono walisema italeta kazi.

10/ Hiyo hoja ya kazi siidharau. Niko chuo, najua wangapi wamemaliza na wako nyumbani wanachuma majani chai ya mzazi. Lakini kazi ambayo ikikuumiza huna wa kumdai, mbunge akuambie waziwazi hiyo ndiyo anakuletea. Kuzifunga zote nako hakusaidii. Yule kijana wa boda bado atahitaji 3,000, na atakuja mkopeshaji wa kijijini anayeshika kitambulisho.

11/ Na mjue nani wa kuuliza. Jedwali la Nne la Katiba limeweka ulinzi wa mteja na viwango vya kazi upande wa serikali ya kitaifa. Anayetaka kuwa gavana au MCA akiahidi kufunga mikopo ya simu, anauza kitu hana. Muulize kuhusu masoko na vyama vya ushirika. Haya ya leo ni ya wabunge na maseneta, na swali liwe fupi: ule mswada ukirudi, utapiga kura gani?

12/ Kwa aliye na shida sasa hivi: angalia kwanza orodha ya wakopeshaji wenye leseni kwa tovuti ya Benki Kuu. Usifute ujumbe wa matusi. Piga picha ya skrini, andika tarehe na namba iliyopiga. Malalamiko kwa Kamishna wa Data unayatuma mtandaoni, na sheria inasema yachunguzwe na kumalizwa ndani ya siku 90. Hata asiyekopa anaweza kulalamika. Shangazi tayari ametuma yake, tulikaa naye jioni moja kwa simu yangu.

13/ Wiki ijayo ni ile ya ushuru wa soko mliyoniomba. Watu wa Keroka, mje na risiti.