Ulengaji Shabaha kwa Bunduki ya Wenzo: Ufundi na Msamiati Wake

Mzungumzaji wa Dholuo katika Homa Bay au Migori huiita bunduki *bunde*. Neno hilo ni la Kiswahili lililopunguzwa mkia, nacho Kiswahili kililipokea kutoka Kiarabu, sawa na neno risasi ambalo katika Kiarabu ni jina la madini ya plumbi. Ni dhahiri basi kwamba silaha hii iliingia bara ikiwa imeshikana mkono na jina lake. Ustadi wa kulenga, hata hivyo, haukuagizwa kutoka popote. Waluo walikuwa na mkuki, *tong'*, na Wakuria wa upande wa mpakani wanafahamika hadi leo kwa upinde na mshale. Mtoto aliyewahi kulinda mtama dhidi ya ndege kwa manati anajua kwamba jicho, mkono na kitu kilicho mbali vinapaswa kukubaliana kabla ya jiwe kuachiliwa.

Neno linaloukusanya ustadi huo ni *shabaha*, na hapo ndipo penye tatizo linaloshughulikiwa na makala haya. Shabaha ni kile kinacholengwa; shabaha pia ni uhodari wa mlengaji, ndiyo maana husemwa kuwa fulani ana shabaha. Vyuma viwili vidogo vilivyo juu ya mtutu, ambavyo jicho huvitumia kulenga, havina jina lililotulia midomoni mwa wasemaji wengi. Anayefunzwa akiambiwa "Tazama shabaha!" ataelekeza macho yake kule mbali kwenye ubao. Atakuwa ametii amri, na atakosa.

Ili kulieleza jambo hili, bunduki ya wenzo inafaa kuliko nyingine, kwa kuwa utendakazi wake unaonekana wazi. Chini ya shingo ya kitako mna wenzo wa chuma wenye umbo la kitanzi. Mpigaji anapousukuma chini na mbele, ganda la risasi iliyokwisha kulia hutupwa nje na nyundo hurudishwa nyuma. Anapourudisha, risasi mpya huinuliwa na kusukumwa ndani ya mtutu. Yote haya yanaweza kufanywa bila kitako kuondoka begani. Katika aina nyingi, risasi hupangwa ndani ya bomba lililo chini ya mtutu, ncha ya moja ikigusa kitako cha nyingine, na kwa sababu hiyo risasi zenye ncha kali huepukwa zisije zikalipuana. Modeli ya 1895 ya Winchester, iliyobuniwa na Mmarekani John Browning, iliondokana na shida hiyo kwa kuweka kisanduku badala ya bomba.

Bunduki ya modeli hiyo ilifika Afrika Mashariki mwaka 1909 mikononi mwa Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani. Alishuka Mombasa mwezi Aprili, akawinda hadi Sotik, na mwezi Desemba akapanda meli Kisumu kuelekea Entebbe, safari iliyompitisha katika Ghuba ya Winam ambayo ukingo wake wa kusini ndio Homa Bay ya leo. Jambo la kuzingatiwa hapa si wanyama aliowaua, ambao walikuwa wengi kupita kiasi, bali macho yake. Alikuwa haoni mbali pasipo miwani, na jicho lake la kushoto lilikuwa limeharibika kutokana na pigo la ndondi. Mtu wa namna hiyo aliwezaje kutumia bunduki isiyo na darubini?

Jibu limo katika vyuma vile viwili. Cha nyuma, kilicho karibu na jicho, kina mkato mdogo. Makala haya yanakiita *pengo*. Cha mbele, kwenye mdomo wa mtutu, ni kijichuma kilichosimama, aghalabu chenye kichwa cha mviringo. Hicho kiitwe *nundu*. Mlengaji huiweka nundu katikati ya pengo, vichwa vyake vikiwa sawa, kisha huupeleka mpangilio huo wote kwenye kinacholengwa. Jicho la mwanadamu haliwezi kuona kwa ukamilifu vitu vitatu vilivyo katika umbali tofauti kwa wakati mmoja. Ni lazima lichague, nalo lapaswa kuchagua nundu. Pengo litafifia kidogo, na ubao wa mbali utaonekana kama uliofunikwa na ukungu. Anayeanza hulikataa jambo hili kwa moyo wote. Huona kama anaambiwa asikitazame kile anachotaka kukipiga.

Hesabu yake si ngumu. Tuseme kati ya pengo na nundu kuna sentimita 50, na ubao uko mita 100, karibu urefu wa uwanja wa soka. Umbali wa pili ni mara 200 ya ule wa kwanza. Nundu ikiegemea upande mmoja wa pengo kwa milimita 1 tu, risasi itakosea kwa milimita 200, yaani sentimita 20. Lakini bunduki nzima ikisogea upande milimita 1 huku ikielekea kulekule, risasi nayo itasogea milimita hiyo moja. Kwa hiyo kosa linaloadhibiwa vikali ni la nundu na pengo kutokubaliana, na kosa hilo haliwezi kuonekana na jicho lililokwenda kutalii ubaoni. Kifyatuo nacho huvutwa polepole. Kikinyakuliwa, ndicho kinachoivuruga nundu dakika ya mwisho.

Mwanga nao una hila zake. Jioni, jua linapoelekea kuzama upande wa ziwa, mlengaji anayetazama kaskazini hupata mwanga kutoka kushoto. Upande huo wa nundu hung'aa, wa pili huzama kivulini, na jicho huuchukua ule unaong'aa kuwa ndio nundu nzima. Risasi basi huenda kulia. Walengaji wa zamani walizifukiza nundu zao kwa moshi wa mshumaa ili zising'ae. Masizi ya koroboi yangefanya kazi ileile.

Yote haya, inafaa ikubaliwe, si mchezo unaoonekana kwa urahisi Rongo au Mbita. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haimruhusu mtu kumiliki bunduki bila cheti. Bonde la Lambwe, ambako korongo wa mwisho wa nchi hii wanahifadhiwa, limekuwa na Mbuga ya Taifa ya Ruma tangu 1983. Upande wa Kuria, bunduki ina sifa chungu zaidi: baada ya vita vya Tanzania na Uganda vya 1978 na 1979, silaha ziliingia katika wizi wa mifugo wa pande zile za mpaka, na mshale ukapata mshindani asiyehitaji kukaribia. Risasi ya bunduki ya wenzo inaweza kusafiri zaidi ya kilomita mbili, na katika vijiji vilivyosongamana hivi hakuna mwelekeo usio na boma la mtu. Ndiyo sababu nyuma ya kila ubao halali wa kulengea huwekwa tuta nene la udongo.

Hata hivyo, askari na walinzi wa mbuga wanaendelea kufunzwa, na Kiswahili ni lugha wanayoelewana wao kwa wao. Wanaisimu hupenda kuunda istilahi za kompyuta na za sheria. Vyuma viwili juu ya mtutu vimeachwa vikiitwa kwa kuonyeshwa kidole. Pengo na nundu huenda yasiwe majina bora. Nundu ina ng'ombe ndani yake, na huenda fundi wa silaha akaicheka. Lakini mkufunzi anayesema "Tazama nundu!" atakuwa ametaja kitu kimoja tu, na mwanafunzi wake atajua jicho liende wapi.