Anataka Kuandika, Kusoma Hataki!

Nina mshikaji hapa Dar, kila nikimkuta kijiweni ananipa stori ya riwaya anayoiandika. Eti kafika sura ya nane. Nikimuuliza anasoma nini, jibu lake: "Sisomi kaka, nisije nikaiga."

Makubwa! Sasa mcheki marehemu Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, aliyetoa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa, ana kiko mdomoni na rafiki wa kumshangaa, Najum. Aliyemsoma Sherlock Holmes wa Conan Doyle haambiwi kiko kile kimetoka wapi. Lakini ukianza kusoma, London huioni ng'o. Ni mizimu, mashamba na maneno ya Kiunguja yanayoteleza kama halua. Mzee kaazima kiko, tumbaku katia yake!

Shaaban Robert naye, pamoja na ukali wake wote wa mashairi, alikaa chini akamfasiri Omar Khayyam wa Uajemi, kitabu kikatoka 1952. Kazi ile, wapenzi wasomaji, huimalizi kwa mtu usiyemhusudu. Utaishia ubeti wa tatu, ukatafute kahawa.