Kwa Baiskeli Hadi Kilima cha Koitalel

Wahenga walisema, mwenda pole hajikwai. Mimi nilikwenda pole, na bado nilijikwaa.

Nilikuwa Eldoret, mji uliopewa hadhi ya jiji Agosti 15, 2024, na ambao wazee bado wauita Sisibo, yaani 64, kwa nambari ya shamba la walowezi lililokuwa hapo. Mwenyeji wangu, kijana mwalimu, ana ada ya kutembea kwa baiskeli na wenzake siku za mapumziko. Akaniazima baiskeli, akasema, "Mzee, twende tukaizunguke Nandi." Nikakubali kabla ya kuuliza umbali.

Kumbe ni zaidi ya kilomita 100: Eldoret, Mosoriot, Kapsabet, Nandi Hills, kisha kurudi kwa njia ya Lessos. Tuliigawa siku mbili kwa kunihurumia. Msomaji, Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na pumzi ya mtu wa pwani huko ni haba. Kila mwinuko nilishuka nikaikokota baiskeli, na watoto wa njiani wakanicheka. Lakini tulipoipita Kapsabet, chai ilitandaa kulia na kushoto kama zulia la msikiti, na uchovu ukanitoka.

Zulia hilo limetandikwa juu ya uwanja wa vita.

Wanandi walipigana na Waingereza tangu 1895 hadi 1906. Mwaka 1895 ndio huo huo ambao Mbaruk bin Rashid al-Mazrui alipigana nao huku kwetu. Vita vyetu vilikwisha 1896, Mbaruk akavuka kwenda kwa Wajerumani, na mwaka huo reli ikaanza kujengwa kutoka Mombasa. Ilipokaribia Nandi, wenyeji walikata nyaya za simu wakafanya mapambo, na vyuma vyake wakafua silaha. Kiongozi wao alikuwa Koitalel arap Samoei, orkoiyot, mtu wa dua na uaguzi. Yasimuliwa kuwa babake alitabiri nyoka wa chuma atakayekuja akitema moto na moshi.

Tarehe 19 Oktoba 1905, Koitalel alikwenda kukutana na ofisa Mwingereza, Richard Meinertzhagen, kwa mazungumzo ya amani. Hakurudi. Alipigwa risasi papo hapo, na wenzake wakauawa naye. Meinertzhagen alidai kuwa yeye ndiye aliyetegewa mtego. Uchunguzi ulimwondolea hatia, lakini mwaka 1906 aliondolewa Afrika Mashariki. Wanandi hadi leo husema kuwa mtu wao aliuawa akitoa mkono wa salamu. Baada yake waliondoshwa karibu na reli, na ardhi yao wakapewa walowezi.

Pale Nandi Hills pana kaburi la kumbukumbu yake na nyumba ya makumbusho. Fimbo zake, zilizochukuliwa siku ile, zilirudishwa kutoka Uingereza mwaka 2006. Fuvu lake, ambalo watu wake wasema lilichukuliwa pia, wangali wakilidai.

Nje tulimkuta mzee mmoja. "Chamgei," akasema, akaninyoshea mkono. Nikaushika. Akauliza natoka wapi.

"Mombasa, mzee wangu."

"Aa! Ndiko ilikotoka reli."

Hapo ndipo nilipojikwaa. Tangu utoto nimejivunia kuwa reli ilianzia kwetu, wala sikuwahi kujiuliza ilikokwenda ilimkuta nani. Nikamjibu, "Ndiko, mzee. Nasi haikutuomba ruhusa." Akacheka, mkono wangu bado umo mkononi mwake, akatuitia maziwa ya kibuyuni.

Jioni tulisimama ukingoni mwa milima, tukatazama chini bonde la miwa ambamo reli ile hupita. Nilikumbuka chuoni, tulivyofundishwa kuwa avunjaye ahadi amebeba alama ya mnafiki. Mwalimu wetu hakusema ila kama mwenye kuahidi ana bunduki.

Kesho yake tulirudi kwa Lessos, upepo ukitupiga usoni. Ndugu msomaji, watu wetu wengi huipita nchi hiyo ndani ya basi, wamelala. Ukijaliwa kufika Eldoret, azima baiskeli. Na ukipewa mkono pale kilimani, usiharakishe kuuachia.