CHOMBO NA BENDERA YAKE

Fukwe za Nungwi, Matemwe na Kizimkazi zimejaa boti za matembezi. Baadhi yake zimeundwa na mafundi wetu kwa mbao. Nyingine ni za faiba, zenye mashine mbili nyuma, zilizonunuliwa nchi za nje na wenye mahoteli au na ndugu zetu waliojaaliwa. Tangu Serikali iutangulize Uchumi wa Buluu, tunatarajia idadi yake itazidi, nasi hatuna kinyongo na hilo. Walakini lipo jambo moja ambalo wenye vyombo wengi hulichanganya, na hata baadhi ya watendaji hawalielezi ipasavyo, nalo ni tofauti baina ya leseni na usajili.

Leseni ni ruhusa ya kazi. Husema kwamba chombo hiki kimekaguliwa, kinachukua watu kadhaa, na kiishie maji fulani. Usajili ni nasaba ya chombo: nani mwenyewe, kiliundwa wapi, kina urefu na ujazo gani, bandari yake ya nyumbani ni ipi, na ni dola gani itakayosimama kukisemea kikipata msukosuko. Mwenye boti aendaye Changuu na kurudi jioni aweza kuishi miaka mingi asiione tofauti hiyo. Ataiona siku atakapotia nanga Mombasa au Ngazija, ofisa wa bandari ya watu akataka kuona hati ya uraia wa chombo, naye akamtolea leseni ya kuvulia au ya kutembeza wageni.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 1985, umeliweka wazi jambo hili. Kila dola hujiwekea masharti ya kutoa bendera yake, lakini lazima pawepo uhusiano wa kweli baina ya dola na chombo. Chombo husafiri kwa bendera moja tu. Kinachopeperusha mbili, kikibadilisha leo hii na kesho ile kwa manufaa ya mwenyewe, huhesabiwa hakina uraia wowote. Na chombo kisicho na uraia, kikiwa bahari kuu, manowari ya taifa lolote yaweza kukisimamisha na kukipanda. Kwa hiyo anunuaye boti iliyokwisha kutumika ng'ambo, kabla hajaomba bendera ya kwetu, na adai hati ya kuthibitisha kwamba jina lake limefutwa katika daftari la kule ilikotoka.

Si mambo mageni haya kwa watu wa visiwa. Wazee wetu wameyaona katika majahazi ya Sur yaliyokuwa yakija na kaskazi. Katika karne ya kumi na tisa manahodha wengi wa Sur, raia wa Sultani wa Maskati, walijipatia hati na bendera za Ufaransa katika makoloni yake, ili manowari za Kiingereza zisiwapekue. Na miongoni mwa waliojificha chini ya bendera hiyo walikuwamo wachukuzi wa watumwa. Mkataba wa Brussels wa 1890 ukaamuru kwamba majahazi yaandikwe jina na ujazo shetrini, na nambari na herufi ya bandari zipigwe kwa rangi nyeusi juu ya tanga. Ugomvi wa Uingereza na Ufaransa juu ya majahazi hayo ulifika mahakama ya usuluhishi ya Hague, ambayo tarehe 8 Agosti 1905 iliamua kwamba Ufaransa haikuwa na haki ya kuendelea kumgawia bendera yake kila aitakaye.

Sisi wenyewe tumeonja uchungu wa kugawa bendera ovyo. Mwaka 2012 ilidhihirika kwamba meli za mafuta za Iran zaidi ya 30 zilikuwa zimeingizwa katika daftari letu la kimataifa kwa mkono wa wakala aliyekuwa Dubai, ikabidi zifutwe. Mwezi Januari 2018 Serikali ya Muungano ilisimamisha usajili wa meli za kigeni, baada ya meli zenye bendera yetu kukamatwa mbali na hapa na shehena za dawa za kulevya na za kutengenezea silaha. Mabaharia wa kweli wa Unguja na Pemba hawakuwamo katika biashara hizo, lakini bendera iliyotiwa doa ni hiyo hiyo wanayoipeperusha.

Nchi yetu ina milango miwili ya usajili. Bara ipo chini ya TASAC. Zanzibar ipo chini ya Mamlaka ya Usafiri Baharini, iliyoundwa kwa sheria ya 2009, na Sheria Nam. 5 ya 2006 imeweka daftari la vyombo vya ndani mbali na lile la kimataifa. Milango miwili, bendera moja. Uingereza nayo hutenganisha: mwenye boti ya starehe isiyofika mita 24 aweza kuingia daftari dogo, ambalo hati yake hudumu miaka mitano na yatosha kwa safari za nje, lakini haithibitishi umilki. Atakaye kuweka chombo rehani sharti aingie daftari kubwa, alete hati za kuuziana, na chombo kipimwe.

Twaona utaratibu wa namna hiyo, mwepesi kwa wadogo na mkali juu ya umilki, unafaa kuzingatiwa hapa. Mwenye boti ya futi thelathini asiulizwe karatasi za meli ya mafuta. Lakini asisamehewe swali la nani mwenye mali, wala lile la pili: boti hii ni ya starehe ya mwenyewe, au inachukua abiria kwa nauli? Wapo waandikao "starehe" kisha wakapakia wageni ishirini kwenda Mnemba. Baada ya Spice Islander mwaka 2011 na Skagit mwaka 2012, hatudhani yupo karani wa kisiwa hiki anayehitaji kuelezwa kwa nini swali hilo huulizwa.

Tunapendekeza wapimaji wawe na siku maalumu za kufika Mkoani, Wete na Mkokotoni, na viwango vya ada vibandikwe ukutani kwa Kiswahili, mwombaji avisome mwenyewe kabla ya kufika dirishani.