Pointi za Jana, Pointi za Leo

Kando ya Naivasha Road, ukishapita stendi ya Satellite ukielekea Kawangware, kuna kibanda cha jezi za mitumba ambacho hakikosi jezi mbili zenye namba 23. Moja ni nyekundu ya Chicago, ya Michael Jordan. Nyingine ni ya njano ya Los Angeles, ya LeBron James. Mwenye kibanda huzining'iniza bega kwa bega, naye anajua anachofanya. Jumamosi vijana wakitoka mazoezini husimama hapo, na kabla bei haijaulizwa ubishi umeshawaka: nani alikuwa bora kuliko wote?

Ubishi huo naufuata kwa makini, kwa sababu nafasi yangu katika mpira wa vikapu ni ya mezani. Mimi ndiye mshika kalamu. Timu za Riruta, Kabiria na Kawangware zinapokutana kwenye viwanja vya saruji vya shule, mimi hukaa pembeni na karatasi ya alama. Mchezaji akifunga mtupo wa kawaida, napiga mstari wa mshazari juu ya namba. Akifunga mtupo huru, naweka kitone cheusi. Akifunga kutoka nje ya mstari wa pointi tatu, nazungushia duara namba ya jezi yake. Basi ninapozungumza juu ya nani bora, nazungumza kama mtu wa karatasi, na ninaamini kwa dhati kwamba ubishi huu hauwezi kwenda popote mpaka tujue karatasi ya kila mchezaji ilijazwa chini ya sheria gani, na kama ilijazwa yote.

Wafuasi wa Jordan huhesabu mataji. Ana 6, yote akiwa na Chicago Bulls: matatu kuanzia 1991 hadi 1993, matatu mengine kuanzia 1996 hadi 1998. Wastani wake wa pointi 30.1 kwa mechi katika NBA haujapitwa na mtu. Wafuasi wa LeBron huhesabu miaka na wingi wa pointi. Ana mataji 4 kwa timu tatu tofauti. Mnamo Februari 2023 aliivuka rekodi ya Kareem Abdul-Jabbar ya pointi 38,387, na mwaka uliofuata akawa mchezaji wa kwanza kufikisha 40,000.

Siku moja fundi viatu anayekaa jirani na kibanda, mzee wa makamo aliyecheza zamani, aliwaingilia vijana. "Kama ni mataji, kijana wangu, mbona hamumtaji Bill Russell?" Kimya. Mmoja akajibu kwa heshima, "Mzee, huyo hatujamwona." Jibu la kweli kabisa. Russell alitwaa mataji 11 na Boston Celtics katika misimu 13, akastaafu mwaka 1969. Hakuna aliyewahi kumfikia. Lakini kazi yake kubwa ilikuwa ulinzi, kuuzima mtupo wa adui ukiwa hewani, na NBA ilianza kuhesabu mitupo iliyozuiwa katika msimu wa 1973-74. Fungua kumbukumbu rasmi leo: mmoja wa walinzi wakubwa kuliko wote duniani hana hata mtupo mmoja ulioandikwa kwamba aliuzuia.

Wilt Chamberlain, mpinzani wake, ana shida iliyo kinyume. Yeye namba zake zimejaa hadi hazisadikiki. Tarehe 2 Machi 1962, mjini Hershey, Pennsylvania, alifunga pointi 100 katika mechi moja, na picha za filamu za mechi hiyo hazipo. Msimu ule wote alikuwa na wastani wa pointi 50.4. Kijana akisikia hivyo huuliza: sasa Jordan na 30 zake anatafuta nini hapo?

Pointi hupoteza thamani kama shilingi. Shilingi mia ya mwaka 1993 na shilingi mia ya leo zina jina moja, ila dukani hazinunui unga uleule. Msimu wa Wilt, mchezo ulikwenda mbio kupita kiasi: timu moja ilirusha mpira kikapuni mara 108 hivi kwa mechi, ilhali siku hizi ni mara 89 hivi. Mitupo ikiwa mingi, inayoingia ni mingi, na inayokosa nayo humwachia mtu mrefu ribaundi nyingi za kuokota. Tena Wilt hakupumzika. Mechi ilikuwa ya dakika 48, naye alicheza wastani wa dakika 48.5, kwa kuwa hata muda wa nyongeza alikuwa uwanjani. Ukitaka kumlinganisha na wa leo, kwanza uulize timu yake ilipata nafasi ngapi za kurusha, kisha uulize yeye alitumia ngapi kati ya hizo. Hapo zile 50 hushuka, japo bado zinabaki juu sana.

Sheria nazo hubadilika. Mstari wa pointi tatu uliingia NBA mwaka 1979, na msimu ule wa kwanza timu zilijaribu mitupo kama hiyo isiyofika mitatu kwa mechi. Leo zinapita 35. Stephen Curry, aliyeivunja rekodi ya Ray Allen ya mitupo ya pointi tatu mnamo Desemba 2021, angekuwa nani mwaka 1962, wakati mtupo wake wa mbali ungehesabiwa pointi mbili sawa na wa chini ya ringi? Na kuanzia msimu wa 2004-05 marefa waliagizwa kumwadhibu mlinzi anayemshika mshambuliaji kwa mkono ili kumpunguzia kasi. Jordan alifunga nyingi za pointi zake akisukumwa kwa mkono kiunoni. LeBron naye amefunga zake mbele ya walinzi wanaoruhusiwa kulinda eneo badala ya mtu, jambo ambalo Jordan hakulikuta katika miaka yake ya Chicago. Kila zama ilimpa mtu wake unafuu fulani na mzigo fulani.

Kwa hiyo kipimo ninachokiamini ni kimoja: mchezaji aliwaacha kwa umbali gani wale aliocheza nao, chini ya sheria zilezile, usiku uleule? Kwa kipimo hicho namchagua Jordan. Aliongoza ligi kwa ufungaji misimu 10, na mwaka 1988 akachaguliwa pia kuwa mlinzi bora wa mwaka. Kuwa wa kwanza katika kufunga na katika kuzuia, mbele ya watu wa rika lako, ni jambo ambalo sijaona likirudiwa kwa kiwango kile. Vijana wa kibandani hunipinga, na nawaheshimu kwa hilo, kwa sababu siku hizi hunipinga kwa hesabu.

Ila ubora ni daftari moja, na alama anayoacha mtu ni daftari jingine. Hapa ndipo Afrika Mashariki inapoingia, na hapa ndipo mimi husisimka zaidi.

Mchukue Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar es Salaam, mwenye urefu wa mita 2.21. Mwaka 2009 alichaguliwa wa pili katika uteuzi wa NBA na Memphis Grizzlies, Mtanzania wa kwanza kufika huko. Wa tatu alikuwa James Harden. Wa saba alikuwa Curry. Watu hutaja hilo ili kumcheka, maana Thabeet alimaliza miaka yake NBA na wastani wa pointi 2 na ushei kwa mechi. Mimi hukataa kicheko hicho. Jina la Mtanzania liliitwa jukwaani kabla ya la Curry, na mtoto wa Tandika au wa Kawangware aliyelisikia alijua kwamba mlango ule unafunguka. Kwenye daftari la ubora Thabeet yuko chini. Kwenye daftari la pili ana ukurasa wake, na haufutiki.

Dikembe Mutombo wa Kinshasa alijaza yote mawili. Alikuwa mlinzi bora wa mwaka mara 4, na ni wa pili katika historia ya NBA kwa mitupo iliyozuiwa, nyuma ya Hakeem Olajuwon wa Nigeria. Kisha mwaka 2007 akafungua hospitali Kinshasa yenye jina la mama yake, Biamba Marie Mutombo. Alifariki Septemba 2024, na hospitali inaendelea kutibu.

Kisha kuna mnyororo wa Sudan Kusini. Manute Bol, mita 2.31, ndiye mchezaji wa NBA aliyezuia mitupo mingi kuliko pointi alizofunga. Ukimpima kwa pointi, hayupo. Lakini alikutana na familia ya Luol Deng ikiwa ukimbizini Misri, akawafundisha watoto wale mpira. Luol akakua, akaichezea Chicago, akawa mmoja wa nyota wa ligi mwaka 2012 na 2013. Baadaye akawa rais wa shirikisho la mpira wa vikapu la Sudan Kusini na kuijenga timu ya taifa, nchi ikiwa changa. Mwaka 2024 timu hiyo ilikwenda Olimpiki ya Paris na kuifunga Puerto Rico 90 kwa 79. Ushindi ule una jasho la Manute ndani yake, na hakuna safu ya takwimu inayolionyesha.

Wakenya tunayo sababu ya kuujua mnyororo huo, maana ni Sudan Kusini iliyotutoa katika mashindano ya mataifa ya Afrika, AfroBasket ya 2021 kule Kigali, 60 kwa 58. Tulikuwa tumerudi baada ya miaka 28. Tulirudi kwa mtupo wa Tylor Ongwae, Februari 2021 mjini Yaoundé, king'ora kikilia: Kenya 74, Angola 73, na Angola ndiyo iliyokuwa bingwa wa Afrika mara 11. Kocha alikuwa Liz Mills, mwanamke wa kwanza kuongoza timu ya wanaume katika mashindano hayo. Safari iliyotangulia ilikuwa 1993, tulipokuwa wenyeji hapa Nairobi tukashika nafasi ya nne.

Sasa, ipi ilikuwa bora, Kenya ya 1993 au ya 2021? Ile ya kwanza ilifika mbali zaidi, ikiwa nyumbani, mbele ya watu wake. Ile ya pili ilikutana na Afrika iliyojaa wachezaji wanaolipwa Ulaya, na ikaifunga Mali kabla ya kutolewa. Nimeliuliza swali hili kibandani. Vijana wanaojua wastani wa Jordan hadi nukta ya mwisho hawakuweza kutaja mchezaji hata mmoja wa 1993. Sikuwalaumu, maana wangewasoma wapi? Mali bila daftari hupotea bila habari.

Shida ya Russell iko hapahapa Satellite. Karatasi ya alama ninayoijaza ina nafasi ya pointi, faulo na muda wa mapumziko, basi. Haina safu ya ribaundi wala ya mtupo uliozuiwa. Kuna msichana anayecheza katika moja ya timu zetu, mwembamba, mwepisi, ambaye huzima mashambulizi mpaka wapinzani wanaacha kuingia chini ya ringi. Karatasi ikisomwa, ana pointi 4 na faulo 3. Ndiyo maana siku hizi naweka daftari la shule kando ya karatasi rasmi, na safu yake ya kwanza ni ya mitupo iliyozuiwa.

Mei 2025 Nairobi City Thunder ilikuwa klabu ya kwanza ya Kenya kucheza katika Basketball Africa League. Mechi zile zimehesabiwa zote, kila ribaundi na kila pasi ya kufungisha, na miaka 30 ijayo kijana ataweza kubishana juu yake akiwa na ushahidi. Walioitangulia Thunder wanastahili hivyo hivyo. Wewe uliyecheza 1993, au uliyekuwa mezani, au ambaye baba yako alihifadhi picha na vipande vya magazeti ndani ya sanduku: vitoe, andika majina nyuma ya kila picha, vipeleke maktaba au vipige picha uvihifadhi. Na wewe unayeandaa mechi ya mtaa Jumamosi hii, mtafute mtu mmoja mwenye kalamu, umketishe mezani, na umwambie aandike tarehe, uwanja, majina kamili na kila mtupo uliozuiwa.