Viza ya Msimu Hainunuliwi

Juma lililopita, baada ya darsa ya akina mama, alitujia mama mmoja akiwa amefunga bangili zake za dhahabu katika pindo la leso. Alitaka dua tu. Binti yake ameahidiwa kazi ya hoteli Marekani kwa viza iitwayo H-2B, na wakala adai shilingi 150,000 kabla ya Ijumaa ili "kushika nafasi." Tulimsihi avae bangili zake kwanza, kisha tuzungumze.

Viza hiyo ipo kweli, nayo ni ya kazi za msimu zisizo za shamba: hoteli, bustani, viwanda vya samaki. Lakini mlango wake hufunguliwa na mwajiri. Yeye ndiye huiendea Wizara ya Kazi ya Marekani na kuthibitisha kwamba haja yake ni ya muda na wenyeji wa kutosha hawakupatikana. Kisha hupeleka ombi kwa idara ya uhamiaji. Ndipo mfanyakazi aende ubalozini. Sheria imeweka nafasi 66,000 kwa mwaka kwa ulimwengu mzima, nusu kwa kila miezi sita. Wakala mwenye kijitabu cha risiti hapa mjini auza nafasi ipi?

Zaidi ya hayo, kanuni zakataza mfanyakazi kutozwa ada ya kuajiriwa, na mwajiri hupaswa kumrudishia hata gharama ya viza katika juma la kwanza la kazi.

Huko Maryland, ufukweni mwa Chesapeake, wanawake wengi kutoka Mexico huja kwa viza hii kuchambua nyama ya kaa (hukumu ya kumla tuiache leo). Huketi na visu vyao tangu alfajiri, na wengi wao wameacha watoto kwa bibi zao. Ni chumo la jasho, lakini viza imefungwa kwa mwajiri mmoja. Akiwa dhalimu, mwanamke hawezi kuhamia kwa jirani mpaka huyo naye amwombee idhini. Mumewe akimfuata, haruhusiwi kufanya kazi.

Tulimwandikia mama yetu maswali matatu: jina na anwani ya mwajiri, nakala ya mkataba wenye mshahara na tarehe, na nambari ya ombi lililokubaliwa. Akampigia wakala mbele yetu, akayasoma moja baada ya jingine. Tukasikia, "Mama, hayo ni mambo ya ofisini," kisha simu ikakatwa.

Binti alikuwa barazani akingoja, pasipoti mkononi. Mama alikaa kitambo kabla ya kutoka kwenda kumwambia.