“Mwalimu, ‘fast’ ni aina gani ya neno?”

Kila kundi jipya linapoanza katika darasa langu la jioni hapa Tanga, swali hili halikosi. Jibu langu nalo ni lile lile: sentensi yake iko wapi?

Wanafunzi wangu ni watu wazima, wengi makarani na wahudumu wa hoteli. Aina nane za maneno walizikariri shuleni na bado wanazo: nomino, kiwakilishi, kitenzi, kivumishi, kielezi, kihusishi, kiunganishi, kihisishi. Lakini andika ubaoni “a fast car”, “she runs fast” na “Muslims fast in Ramadan”, uone kimya kinavyotanda. Kwenye gari ni kivumishi. Kwenye kukimbia ni kielezi. Kwenye Ramadhani ni kitenzi, kufunga. Andika tena “the fast was long”, imekuwa nomino, saumu yenyewe.

Mtunza bustani mmoja aligoma kabisa kuikubali “Water the flowers”.

“Water ni maji, mwalimu. Yatakuwaje kitenzi?”

“Hapo umeambiwa ufanye nini?”

“Nimwagilie.”

“Basi kitenzi ndicho hicho.”

Alicheka, ila sidhani kama aliridhika, na simlaumu. Sisi tumelelewa na lugha ya viambishi: ukisikia “wanafunga”, wa- na -na- vimeshakwambia kila kitu. Kilatini nacho kilijitambulisha hivyo, kwa miisho ya maneno, na sarufi yake ndiyo aliyoifuata William Bullokar alipochapisha sarufi ya kwanza ya Kiingereza mwaka 1586. Kumbe Kiingereza chenyewe kilikuwa kimeshapukutisha sehemu kubwa ya miisho yake. Kilichobaki kutegemewa ni nafasi ya neno.

Kwa hiyo tazama jirani zake. Baada ya “the” au “a”, nomino haiko mbali. Ikiwa kuna kivumishi, hukaa katikati, “a big house”, tena hakibadiliki kwa wingi: “big houses”. Mwisho wa -ly usikuhadae. “Quickly” ni kielezi, “friendly” ni kivumishi, na “fastly” niachieni mimi niisahihishe kwenye madaftari.

Ukifungua kamusi ya Kiingereza, usikimbilie maana. Anza na vifupisho vidogo vilivyo kando ya neno: n., v., adj., adv. Kisha rudi kwenye sentensi yako uone ni kipi kinachoingia.